Vipimo vya Mwanamke wa Karagwe



Watalii wanaokuja nchini kwetu njia zao zinajulikana. Wanakwenda Serengeti, wanapanda Kilimanjaro, kisha wanashuka visiwani kupumzika Nungwi na Paje. Huku Kagera wanafika wachache sana. Hapa Nshambya, Bukoba mjini, naweza kushona wiki nzima nisione mtalii hata mmoja akipita barabarani. Hata ndugu zetu wa Unguja na Pemba, wengi wanaijua Bukoba kwa kahawa, kwa senene, na kwa msiba wa meli ya MV Bukoba uliotupata tarehe 21 Mei 1996.

Lakini wageni walifika upande huu zamani, kabla mji wa Bukoba haujakuwepo, maana mji wenyewe ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1890 chini ya Emin Pasha. Leo nataka niwasimulie jambo moja ambalo mgeni mmoja alilifanya Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861. Ni jambo dogo katika vitabu vya historia. Kwangu mimi ninayeshika futi kila siku na kupima maharusi, si dogo hata kidogo.

Njia ya doti na ushanga

Kwanza tuijue njia yenyewe. Aliyetaka kwenda Karagwe kutoka Unguja alivuka bahari mpaka Bagamoyo, akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara mpaka Kaze, karibu na ilipo Tabora ya leo. Hapo walikaa wafanyabiashara wa pwani, Waarabu, Waswahili na Wahindi. Kutoka Kaze njia moja ilikwenda magharibi mpaka Ujiji, nyingine ikapanda kaskazini kupitia nchi ya Wazinza mpaka Karagwe, na kuendelea mpaka Buganda. Ahmed bin Ibrahim, anayekumbukwa kwa kufikisha habari za Uislamu kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, ni miongoni mwa watu wa njia hiyo. Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kaze, naye aliijua. Ndiye aliyemweleza Mwingereza Richard Burton habari za Karagwe mwaka 1857, na Burton akaziandika kitabuni bila yeye mwenyewe kufika.

Huko Karagwe watu wa pwani walikuwa na kituo chao, Kafuro, si mbali na Bweranyange alipokaa mfalme. Fedha ya safari ilikuwa nguo na ushanga. Mmarekani alileta kitambaa cha pamba kizito ambacho mpaka leo tunakiita merikani, hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Kaniki ilitoka India. Nguo zilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka moja, na shuka mbili zilifanya doti. Kwa hiyo bibi harusi wangu, unapohesabu doti za kanga kwenye sanduku lako, unatumia neno ambalo wapagazi walilibeba mabegani mpaka nchi ya maziwa makuu. Kila chifu njiani alidai hongo, na hongo ilikuwa doti.

Sitawasafisha wenzetu wa pwani. Misafara hiyo ilinunua pembe za ndovu, na pia ilinunua watu. Wapo wanawake waliotembea njia hiyo hiyo kuelekea baharini bila kupenda, na hawakurudi. Anayeisimulia historia ya safari zetu za bara akaacha hilo, amesimulia nusu.

Mfalme aliyesalimia kwa Kiswahili

Mwezi Oktoba mwaka 1860 Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, waliondoka Bagamoyo na msafara wa watu wengi wakitafuta chanzo cha mto Nile. Mmoja wa viongozi wa msafara alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni, akapelekwa India, akapata uhuru na kurudi Unguja. Walichukua zaidi ya mwaka mzima kufika. Njiani waliugua, wakakimbiwa na wapagazi, wakatozwa hongo mpaka nguo zikakaribia kwisha.

Walipoingia Karagwe mwezi Novemba 1861, mambo yalibadilika. Mfalme Rumanyika hakuwatoza kitu. Aliagiza wageni walishwe njiani kwa gharama yake, na walipofika mbele yake akawasalimu kwa Kiswahili kizuri. Fikirini, dada zangu, kabla ya reli, kabla ya shule, mfalme wa nchi ya ndani kabisa anamwamkia Mwingereza kwa lugha yetu. Alijifunza kwa wageni waliotangulia. Aliuliza maswali mengi juu ya dunia, akawaonyesha familia yake, akawaruhusu kutembea na kuwinda. Grant alikuwa na jipu baya la mguu, hakuweza kuendelea. Speke aliondoka Januari 1862 kwenda Buganda, na Grant akabaki chini ya ulinzi wa Rumanyika mpaka Aprili.

Ukarimu huo bado upo upande huu. Ukiingia katika nyumba ya Kihaya, kwenye kibanja chenye migomba na mibuni, mwenyeji hukukaribisha kwa buni zilizochemshwa na kukaushwa, utafune. Hakuulizi kwanza umekuja kufanya nini. Ukishakula chake, yeye amekuamini, na wewe umebeba amana yake.

Futi ndani ya nyumba

Katika nyumba ya kifalme ya Karagwe, wanawake walinenepeshwa kwa maziwa. Unene ulikuwa dalili ya heshima na utajiri wa ng'ombe: mwanamke mnene alikuwa ushahidi kwamba mumewe ana mifugo mingi, na kwamba yeye hahitaji kulima wala kubeba kuni. Wengine walinenepa mpaka wakashindwa kusimama wima.

Speke alisikia habari hizo, akataka kuona. Siku moja alikwenda kwa shemeji mmoja wa mfalme, mke wa kaka yake. Hakutosheka kumwangalia. Alitaka ampime. Mwanamke alisita, basi Speke akamtolea ofa: nitakuonyesha mkono na mguu wangu mweupe, na wewe uniache nikupime. Yule mama, ambaye naye alikuwa hajawahi kuona ngozi ya namna ile, akakubali. Akajikokota mpaka katikati ya nyumba, na Speke akampima mkono, kifua, paja, ndama ya mguu na urefu, akaandika. Pembeni alikaa binti yake wa miaka kumi na sita, bila nguo, akinywa maziwa, na baba yake akiwa na fimbo mkononi ili asiache kunywa.

Mwaka 1863 kitabu cha Speke kilichapishwa Uingereza. Vipimo vya yule mama vimo ndani, futi na inchi, na tangu hapo vimenakiliwa katika vitabu vingi. Mtu aliyeko London, ambaye hajui Karagwe iko wapi, aliweza kujua paja la mwanamke huyo lilikuwa na ukubwa gani.

Vipimo hivyo ninavijua. Hapa sitaviandika.

Sababu yangu ni ya kazi, tena ni ya dini. Fundi yeyote aliyefunzwa vizuri anajua kwamba daftari la vipimo halisomwi na mteja mwingine. Bibi harusi akija kwangu, nafunga mlango, na kama amekuja na somo wake, huyo ndiye anayebaki. Napima kifua, kiuno na nyonga, naandika namba. Nikishamaliza, namba zile ni za gauni, hazina kazi nyingine duniani. Wapo wanaoniuliza kiuno cha bibi harusi fulani ni inchi ngapi, wakicheka. Mimi nawajibu kwa kuwauliza kama wao wanataka vyao vitajwe. Kicheko kinaishia hapo.

Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza mwanamke kumwona mwenzake kisha akaenda kumwelezea mumewe maumbile yake mpaka mume akawa kama anamtazama. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Tuifikirie vizuri. Kinachokatazwa pale ni maneno tu. Hakuna picha, hakuna mgeni aliyeingia. Lakini maneno yakiwa kamili yanamvua mtu nguo mbele ya asiyekuwepo. Basi namba zilizochapishwa kitabuni zinafanya nini?

Alikubali, lakini alikubali nini?

Mtu anaweza kuniambia: dada, yule mama aliridhika, tena walibadilishana, yeye naye alimtazama mzungu. Ni kweli, na napenda ukweli huo, maana unaonyesha kwamba hakuwa kitu cha kuchezewa tu. Alikuwa na udadisi wake, na alifanya biashara yake. Alitaka kuona, akaona.

Lakini mabadilishano yale yalikuwa ya nyumbani kwake, siku ile, baina ya watu waliokuwepo. Yeye alipoona mkono wa Speke, hakuuchapisha popote. Hakuna kitabu cha Kinyambo kinachosema unene wa ndama za mguu wa Mwingereza. Mama alikubali kupimwa, na sioni popote katika habari ile alipoulizwa kama anakubali kusomwa. Asingeweza hata kuelewa kinachoombwa, kwa kuwa hakuwa na habari ya viwanda vya vitabu wala ya wasomaji watakaomcheka ng'ambo ya bahari. Ruhusa ya kuingia sebuleni si ruhusa ya kubeba sebule.

Jambo jingine linaniuma zaidi. Speke na Grant walipenda kuyapa mambo majina. Kulikuwa na ziwa dogo karibu na makao ya mfalme, lenye jina lake kwa wenyeji. Grant aliliona linafanana na ziwa la kwao Uingereza, basi wakaliita Windermere dogo. Mfalme jina lake limeandikwa, na mwaka 2019 serikali yetu ilipopandisha hadhi mapori ya akiba ya huku, mojawapo likawa Hifadhi ya Taifa Rumanyika-Karagwe. Ziwa limepata majina mawili, mfalme amepata hifadhi. Yule mama, ambaye mwili wake unajulikana kwa inchi, katika habari ile ya vipimo ametajwa kama shemeji wa mtu na mke wa mtu. Jina lake mgeni hakuliandika.

Mwanamke mwenye kalamu yake

Miaka michache baadaye, safari ya kinyume ilifanyika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, aliondoka kisiwani mwaka 1866 na mwaka uliofuata akaingia Hamburg, Ujerumani, akiwa mke wa mfanyabiashara Mjerumani, kwa jina la Emily Ruete. Tunajua aliacha dini yake, na hilo hesabu yake iko kwa Mola wake. Ninalotaka tulitazame ni hili: huko alikokwenda, yeye ndiye aliyekuwa kioja. Watu walimtazama yeye.

Lakini Salme alijua kuandika, ujuzi aliojifunza kwa siri tangu yuko kasri. Mwaka 1886 alitoa kitabu chake kwa Kijerumani, akaeleza maisha ya wanawake wa Unguja kama alivyoyaishi, na akawajibu wasafiri wanaopita nchi za Mashariki siku chache, hawaruhusiwi kuingia ndani kwa wanawake, kisha wanaandika kana kwamba walikuwa wamo. Tunaweza kubishana naye katika mengi. Ila jina lake tunalijua, na maneno ni yake. Mama wa Karagwe hakuipata nafasi hiyo. Tofauti ya wanawake hawa wawili ni kalamu.

Fimbo na maziwa

Sasa nisije nikaonekana nautetea unene wa kulazimishwa. Yule binti aliyekuwa anakunywa maziwa chini ya fimbo hakuwa huru. Mwili wake ulikuwa unaandaliwa ili watu wengine waonekane matajiri. Mila ikimuumiza mtu, kuitwa mila hakuifanyi kuwa njema, na dini yetu inatufundisha kwamba mwili una haki juu yetu.

Lakini tusimcheke baba mwenye fimbo wakati sisi tunazo fimbo zetu. Nimepima mabibi harusi waliokaa na njaa wiki nyingi kwa sababu mtu aliwaambia gauni halitawakaa. Nimewapima wengine walioambiwa wanenepe kwa sababu ukweni wanapenda mwenye umbo. Wengine wanakuja na uso uliobabuka kwa krimu za kung'arisha. Mwaka 1861 watu walitaka mwanamke awe mkubwa. Leo wengine wanamtaka mdogo. Fimbo ni ile ile, imebadilisha mkono. Dada yangu unayekaribia kuolewa, gauni ndilo linalokatwa kukufuata wewe. Mimi kitambaa ninacho, na mkasi ninao. Njoo ulivyo.

Adabu ya kuwa mgeni

Mwenyezi Mungu katika Surat An-Nur ametuamrisha tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na tuwasalimie wenyewe, na tukiambiwa turudi, turudi. Katika Surat Al-Hujurat ametukataza kupelelezana na kusengenyana, na aya inayofuata ndiyo ile inayotuambia tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Kwa ufahamu wangu mdogo, mpangilio huo una funzo. Kujuana kunatakiwa, na njia yake si kuchungulia.

Basi kama utakuja huku kwetu, na natamani mje, mtaikuta nchi nzuri. Mnaweza kuja kwa basi, kwa ndege, au kupanda meli ya usiku kutoka Mwanza na kuamka mkiiona Bukoba chini ya vilima. Kuna ziwa, kuna mashamba ya kahawa, kuna misikiti ya kuswali na Waislamu watakaowapokea. Mkija mwezi Novemba au Desemba mtakuta watu wanakesha wakikamata senene. Nchi isiyopitwa na wageni wengi ina uzuri mmoja: watu wake bado wanakutazama kama mgeni, hawakutazami kama mteja. Uzuri huo ni rahisi kuuharibu. Mama anayemenya ndizi uani kwake, mtoto anayeoga, bibi mzee aliyevaa kanga iliyochanika, hao si mandhari. Uliza jina kabla ya kutoa simu. Akikubali kupigwa picha, mwulize pia kama anakubali iende kwa watu wasiomjua. Hayo ni maswali mawili, na aliyejibu la kwanza hajajibu la pili. Akikataa, kunywa chai yake, shukuru, na uende.

Na kwa sisi wenyewe majumbani, jambo ni lile lile. Siku ya singo, bibi harusi amekaa ndani na nguo nyepesi, amepakwa liwa, amezungukwa na wanawake anaowaamini. Simu moja inainuliwa. Dakika tano baadaye picha iko kwenye kundi la WhatsApp, na nusu saa baadaye inatazamwa na mwanamume ambaye hata hajui ni harusi ya nani. Aliyepiga hakuwa na nia mbaya, alifurahi tu. Speke naye, ukisoma maelezo yake, unamwona ni mtu aliyefurahia alichokiona. Furaha yetu haimpi mwenzetu sitara yake aliyoipoteza. Wenye harusi, wekeni kikapu mlangoni, simu zote zikae humo mpaka bibi harusi avae. Anayemsitiri Mwislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri siku ya Kiyama. Ahadi hiyo ya Mtume wetu inatosha kumfanya mtu aache simu kikapuni kwa saa mbili.

Na mkisafiri, andikeni. Andikeni majina ya waliowapokea kama wameridhia, andikeni chakula, njia, nauli, maneno mliyojifunza. Andikeni pia habari za bibi zenu kabla mgeni hajaja kuwaandikia, akaandika inchi na akasahau jina.

Mwenyezi Mungu awasitiri maharusi wetu wote, awafikishe salama walio safarini, na atujaalie tuwe wageni ambao wenyeji watafurahi kutuona tena. Amin.